Miguu Yako na Magofu ya Gede: Jinsi ya Kutembea Msituni Bila Kurudi na Homa

Kila ninapomwambia mgonjwa kwamba anahitaji kutembea, swali linalofuata ni lile lile: "Daktari, nitembee wapi?" Swali hilo si la uvivu. Mkazi wa Umoja, Pipeline au Kangemi hutoka nyumbani kabla ya mapambazuko, akaruka mitaro ya majitaka, akapigiwa honi na matatu iliyopanda juu ya kijia cha waendao kwa miguu, akavuta moshi, na jioni akaharakisha kufika mlangoni kabla giza halijaingia kwa kuwaogopa wakora. Mtu huyu anatembea, naam, lakini anatembea kama anayekimbizwa. Akifika nyumbani hatamani kutembea tena hata hatua moja.

Wiki hii, kwa hiyo, sitarudia yale ya "fanya mazoezi" ambayo msomaji ameyasikia mara nyingi. Nitachukua mahali pamoja katika nchi yetu, mahali ambapo miguu, macho na akili hupata kazi kwa pamoja, na nieleze mwili hufanya nini ukitembea pale, na ni mambo gani yanayoweza kumdhuru mtu wa mjini asipojitayarisha. Mahali penyewe ni magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke, katika kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 15 kusini mwa Malindi. Aliye Nyeri au Kakamega asiukunje ukurasa. Mengi ya haya yatamfaa hata akienda kutembea kwenye msitu ulio karibu na kwao.

Makanga na dereva

Mnamo 1953, daktari Mwingereza Jeremy Morris na wenzake walichapisha uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Dereva alikaa kitini siku nzima. Makanga naye alipanda na kushuka ngazi za basi akikata tikiti. Wote walitoka katika mitaa ya aina moja na mishahara yao haikupishana sana. Hata hivyo, makanga walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva, na walioupata hawakufa ghafla kwa wingi kama madereva. Baadaye Morris mwenyewe alikagua vipimo vya sare zao akakuta kwamba madereva walikuwa na viuno vipana zaidi, hata wale waliokuwa wachanga kazini, kwa hiyo si tofauti yote iliyotokana na ngazi. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na tafiti nyingi zilizofuata zimethibitisha jambo lile: mwili unaokaa tu huzeeka upesi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki. Hizo ni dakika 30 kwa siku 5. Mwendo wa wastani ni ule unaokuwezesha kuzungumza na mwenzako lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kusema sentensi nzima, punguza. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote. Vijana siku hizi huja kwangu na simu zinazohesabu hatua, wakihuzunika kwa sababu walifikisha 7,000 badala ya 10,000. Idadi hiyo ya 10,000 haikutoka maabara. Ilitoka Japani mnamo 1965, ikiwa jina la biashara la kifaa cha kuhesabia hatua. Asiyetembea kabisa akianza na hatua 3,000 za ziada kila siku ameshafaidika.

Faida zenyewe ni hizi. Misuli ya miguu ndiyo misuli mikubwa kuliko yote mwilini, nayo inapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini ya mgonjwa haifanyi kazi vizuri. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari akitembea dakika 15 baada ya chakula, sukari yake haipandi sana. Mishipa ya damu hulegea, na shinikizo hushuka kidogo kwa saa kadhaa. Goti linalouma, ambalo wengi hudhani linapaswa kupumzishwa, hupata nafuu misuli ya paja inapopata nguvu. Usingizi huja mapema. Kuhusu kupunguza unene, nisiwadanganye wasomaji: saa nzima ya kutembea huchoma kiasi cha kalori 250, na hizo ni karibu sawa na chapati moja. Anayetembea kisha akajipongeza kwa chapati mbili atanenepa huku akitembea.

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, mhasibu wa miaka 52, mwenye kisukari na shinikizo la damu. Alikuwa amenunua mashine ya kukimbilia ndani ya nyumba. Baada ya miezi miwili mashine ikawa ya kuanikia mashati. Tulipozungumza zaidi niligundua kwamba alikuwa mpenzi mkubwa wa historia; alijua majina ya masultani na vita vya Wareno kuliko alivyojua majina ya dawa zake. Nikamwambia aache mashine, atafute mahali ambapo atatembea kwa kuwa anataka kuona kilicho mbele. Alianza na makavazi na misitu iliyo karibu na Nairobi, kisha akawa anaenda Pwani kila likizo. Sukari yake haikupona, kwa sababu kisukari cha namna yake huwa hakiponi kwa kutembea peke yake, lakini dozi ya dawa zake haijaongezwa kwa miaka mitatu. Kwa daktari wa kisukari hiyo ni habari njema.

Mji uliohamwa

Gede ni mji wa Waswahili uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ulianza kukaliwa mnamo karne ya 11 au ya 12, ukastawi sana katika karne ya 14 na ya 15, kisha ukahamwa katika karne ya 17. Ajabu yake ni kwamba haupo ufuoni kama miji mingine ya Waswahili. Upo bara kidogo, karibu kilomita 6 kutoka baharini. Ajabu nyingine ni kwamba Wareno, waliofika Malindi mnamo 1498 na kuwa na makao pale kwa karibu karne nzima, hawakuandika lolote juu yake. Mnamo 1927 serikali ya kikoloni iliutangaza kuwa mahali pa kuhifadhiwa, na kuanzia 1948 mtaalamu James Kirkman akaanza kufukua. Mnamo 2024 magofu haya yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Ukishapita langoni, njia inaingia chini ya miti mikubwa ambayo mizizi yake imezikumbatia kuta. Ardhi ni tambarare, na kivuli ni kingi, jambo linalolifanya eneo hili kufaa sana kwa mtu anayeanza kutembea, kwa mzee mwenye fimbo, na kwa aliyetoka hospitalini baada ya upasuaji. Mji wa ndani unaweza kuuzunguka polepole kwa saa moja na nusu hivi, ukipumzika. Kuna msikiti mkuu na kisima chake, jumba la mtawala, makaburi ya nguzo, na kaburi moja lenye tarehe iliyochongwa, mwaka wa 802 wa Hijria, yaani 1399. Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyofukuliwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Vyombo vya udongo wa Kichina vilipatikana pia, na shanga za Venisi.

Kwa jicho la daktari, kinachovutia zaidi ni vyoo. Nyumba za wenye uwezo pale Gede zilikuwa na choo cha shimo ndani ya nyumba pamoja na mahali pa kunawia. Hivi leo, katika baadhi ya mitaa yetu ya Nairobi, watu wengi sana hutumia choo kimoja, na kipindupindu hurudi karibu kila mvua kubwa inaponyesha. Nimesimama mara kadhaa mbele ya choo kimojawapo cha Gede nikafikiri kwamba mwenye nyumba ile, miaka 600 iliyopita, alikuwa na usafi ambao baadhi ya wagonjwa wangu hawana.

Kisima nacho kina somo lake. Kirkman aliona kwamba kisima cha msikiti mkuu kilichimbwa zaidi baada ya muda, akafikiri kwamba maji ya chini ya ardhi yalikuwa yakishuka. Wengine wanataja mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, wengine wanataja kuja kwa Wareno kulikoharibu biashara. Huenda sababu zote zilichangia. Mimi huegemea upande wa maji, lakini mimi ni daktari na si mwanahistoria, na nimeona mtu akianguka kwa kukosa maji mara nyingi kuliko kwa kupigwa mshale.

Msitu wenyewe

Ng'ambo ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi, mwendo mfupi kutoka Gede, kuna lango la msitu wa Arabuko-Sokoke. Huu ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki, kilomita 420 za mraba. Una maeneo ya namna tatu: msitu wa mchanganyiko wenye giza, eneo la mirihi lililo wazi lenye mchanga mweupe, na vichaka vizito vya udongo mwekundu. Ndani yake huishi bundi mdogo wa Sokoke ambaye ukubwa wake ni kama ngumi mbili, na mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya rangi ya dhahabu ambaye huwezi kumwona katika nchi nyingine yoyote. Tembo wamo pia. Kwa sababu hiyo usiingie peke yako. Chukua mwelekezi langoni. Wengi wao ni vijana wa Kigiriama waliozaliwa kandokando ya msitu, na masikio yao husikia tawi likivunjika kabla yako. Jirani na magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima hufuga vipepeo kutoka msituni na kuuza mabuu yao nchi za nje. Umewapa sababu ya kuiacha miti isimame.

Je, miti yenyewe ina faida kwa afya, au ni mapambo? Mnamo 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilala kwenye vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, nusu wakatazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi, na wakahitaji dawa kali za maumivu kidogo kuliko wenzao. Uchunguzi ulikuwa mdogo, wala sisemi kwamba miti huponya nyongo. Lakini kila anayekaa mbele ya kompyuta hadi shingo ikakaza anajua kinachotokea akikaa chini ya mwembe nusu saa.

Nchi hii ya Wagiriama ina historia ya miguu pia. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyekuwa na umri mkubwa tayari, aliwahamasisha watu wake wapinge kodi na kazi za lazima za Waingereza. Alikamatwa Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa uhamishoni Kisii. Mapema mwaka uliofuata walitoroka wakarudi kwao, na masimulizi yanasema walirudi kwa miguu. Kutoka Kisii hadi Giriama ni zaidi ya kilomita 600 hata ukipima kwa mstari ulionyooka. Simwombi msomaji yeyote afanye hivyo. Lakini mgonjwa wa miaka 55 akiniambia kwamba amezeeka mno kwa kilomita 3, humtaja mama huyu.

Jua la Pwani

Sasa tuje kwenye hatari, na hapa naomba msomaji asome polepole.

Mtu wa Nairobi amezoea baridi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Akishuka Mombasa kwa treni, kesho yake asubuhi anakuta joto la nyuzi 31 au 32 lenye unyevu mwingi hewani. Mwili hujipoza kwa jasho linalokauka, na penye unyevu jasho halikauki, linatiririka tu. Mwili unahitaji kati ya wiki moja na mbili kuzoea. Kwa hiyo, usitembee mwendo mrefu siku ya kwanza. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umalize kabla ya saa nne. Ukishindwa kuamka, subiri saa kumi jioni. Vikundi vingi vya safari, vya makanisa na vya ofisini, hufanya kinyume: hula pilau saa saba mchana, kisha huanza matembezi saa nane jua likiwa utosini. Nimekuwa katika msafara wa namna hiyo, na watu watatu walilala chini ya mti kabla hatujafika nusu ya njia.

Chukua maji lita moja na nusu kwa kila mtu kwa matembezi ya saa mbili. Kunywa kidogo kidogo, usingoje kiu. Soda haizimi kiu ya namna hii, na pombe ya jana usiku huongeza upungufu wa maji. Ukitembea zaidi ya saa tatu, beba pakiti ya chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, zile tunazowapa watoto wanaoharisha.

Dalili za kwanza za kuzidiwa na joto ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Hapo kaa kivulini, legeza nguo, kunywa maji. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akayumba kama mlevi au akazimia, na mwili ni moto kama pasi, huyo amefikia hatua ya kuua. Joto lake la ndani huenda limepita nyuzi 40. Usimpe maji mdomoni kama hana fahamu. Mlaze kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwilini, mpepee kwa chochote, na utafute gari wakati mkiendelea kumpoza. Usiache kumpoza ili umpeleke hospitalini. Fanyeni yote mawili pamoja.

Wanaotumia dawa wawe waangalifu zaidi. Dawa za shinikizo zinazoongeza mkojo humkausha mtu upesi penye joto. Mwone daktari wako kabla ya safari, lakini usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Anayejidunga insulini au kumeza vidonge vinavyoshusha sukari abebe peremende au glukosi mfukoni, si kwenye begi lililobaki garini. Akitetemeka, akitoka jasho baridi au akichanganyikiwa, ale hapo hapo, kisha apime. Insulini nayo haivumilii joto. Iwekwe kwenye chombo chenye ubaridi. Na yeyote ambaye kifua hubana akitembea kisha kikaachia akisimama, huyo asiende popote kabla ya kupimwa moyo.

Viatu na nyasi

Viatu vipya havivaliwi kwa mara ya kwanza msituni. Vivae nyumbani wiki mbili. Viwe vya kufunga, vyenye soli ya kushika, kwa sababu mizizi ya Gede huinuka kwenye njia na mchanga wa Sokoke huvuta mguu nyuma. Ndara waachie ufuoni. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zake zimeanza kufa ganzi akague miguu yake jioni, nyayo na katikati ya vidole. Akishindwa kuinama, amwombe mwenzake amtazamie au atumie kioo. Lengelenge dogo asilolihisi laweza kumgharimu kidole.

Vaa suruali ndefu. Kuna upupu vichakani, na aliyewahi kuugusa hahitaji maelezo. Kuna kupe pia. Jikague kwenye kwapa, kinena na nyuma ya magoti, na ukimkuta mng'oe kwa kibano ukimshika karibu na ngozi. Usimchome kwa kiberiti.

Nyoka wapo, ingawa watembeaji wengi hurudi bila kumwona hata mmoja. Kifutu hulala kimya njiani, na wengi huumwa kwa kumkanyaga. Tembea katikati ya njia, usiingize mkono kwenye shimo la ukuta wa magofu, usiketi juu ya gogo bila kulitazama. Mtu akiumwa, mambo yafuatayo yasifanywe: kukata kidonda kwa wembe, kunyonya sumu, kufunga kamba ya kukata damu, au kubandika lile jiwe jeusi linalouzwa sokoni. Jiwe hilo halina uwezo wa kutoa sumu, na saa mnayopoteza mkilingojea lianguke ndiyo saa aliyoihitaji mgonjwa. Mvue pete na viatu kabla havijambana, ufunge kiungo kwa kipande cha ubao kisitikisike, umbebe badala ya kumtembeza, na uwahi hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Usimfukuze nyoka ili umuue, atawauma wawili.

Homa inayokuja ukisharudi

Nimeiacha malaria mwisho kwa sababu ndiyo inayoua watu wa mjini, na huua wakiwa wameshasahau safari.

Mtu aliyekulia Kilifi ameumwa na mbu wa malaria tangu utotoni, na mwili wake umejenga kinga kiasi. Mkazi wa Nairobi hana kinga hiyo. Hata kama alizaliwa Pwani, akikaa mjini miaka kadhaa kinga hupungua. Mbu wa malaria huuma usiku, kwa hiyo si matembezi ya asubuhi yanayoleta malaria bali ni pale ulipolala. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, vaa mikono mirefu kuanzia machweo, paka dawa ya kufukuza mbu. Mchana kuna mbu mwingine, aliye na madoadoa meupe, anayeeneza dengi; Mombasa imepata milipuko yake, ukiwemo ule wa 2013. Paka dawa ya mbu mchana pia.

Kuna vidonge vya kuzuia malaria. Kimoja humezwa kila siku na kuendelezwa siku 7 baada ya kurudi. Doksisaiklini huendelezwa wiki 4, lakini haiwafai wajawazito wala watoto wadogo, na huifanya ngozi iungue upesi juani. Kipi kinakufaa ni jambo la kuamuliwa na daktari wako, siku chache kabla ya safari. Mjamzito ningemshauri aahirishe safari. Malaria kwake ni hatari maradufu.

Mwaka mmoja nililetewa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 38, mwenye afya nzuri. Alikuwa ametoka Pwani na wanafunzi wake, wakalala siku tatu. Siku ya tisa baada ya kurudi alipata homa, baridi na maumivu ya viungo. Akanunua dawa za mafua dukani. Siku iliyofuata homa ilishuka, akaenda kazini. Ikapanda tena. Siku ya nne mumewe alimkuta ameketi kitandani akimwita kwa jina la kaka yake marehemu. Damu yake ilikuwa imejaa vijidudu vya malaria. Alidungwa atesuneti mshipani, akalazwa siku nane, akapona. Angechelewa hadi kesho yake, nadhani nisingekuwa nikiandika habari zake kwa utulivu huu.

Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa amesafiri, wala yeye hakufikiria kusema, kwa kuwa safari ilikuwa imepita zaidi ya wiki. Malaria hukaa mwilini kimya siku 7 au zaidi kabla ya homa kuanza; mara nyingi huwa kati ya wiki ya pili na ya nne, na mara chache huchelewa zaidi. Kwa hiyo homa siku ya pili ya safari yaelekea kuwa kitu kingine, na homa wiki ya tatu baada ya kurudi, hata kama mafua yanaonekana, ni malaria mpaka damu ipimwe ionekane sivyo. Kipimo kikisema hamna na homa ikaendelea, kirudiwe baada ya siku moja. Kwa maumivu meza paracetamol peke yake. Aspirini na ibuprofeni zaweza kumtoa damu mwenye dengi.

Unaporudi kutoka Gede, andika tarehe ya kurudi kwenye kalenda ya ukutani, kisha uhesabu miezi mitatu mbele na kuitia alama siku hiyo. Homa yoyote kabla ya alama ile, mwambie daktari au muuguzi maneno haya kabla hujaketi: "Nilikuwa Pwani." Kama mlikwenda na watoto, wao wasingoje hata usiku mmoja.